Uzi: Barua pepe na laini ya simu ndiyo milango ya biashara zetu ndogo, tuanze kuifunga

Mwanzisha uzi (Mkomani, Lamu)

Assalaam alaykum wanajamvi.

Uzi huu nimeuandika kwa ajili ya wenye biashara ndogo wa huku Lamu na ndugu zetu wa Malindi: wenye nyumba za wageni, wenye maduka, mawakala wa fedha, manahodha wanaokodisha majahazi kwa watalii, na kina mama wanaopokea oda za vyakula kwa WhatsApp. Mimi si fundi wa kompyuta na siuzi programu yoyote. Kazi yangu ni kuwaandikia watu hesabu, na kwa kuwa mwandishi wa hesabu ndiye huitwa kwanza fedha zinapokosekana, nimekaa na watu kadhaa saa chache baada ya kuibiwa kupitia simu au barua pepe. Katika visa vyote nilivyoviona, mwizi hakuvunja kitu. Aliingia kwa ufunguo.

Nitaeleza kisa kimoja kwa urefu kwa sababu mengi yanayofuata yanatoka humo. Msimu wa kaskazi uliopita, nyumba moja ya wageni ninayoiandikia hesabu ilipata familia ya watu sita waliotaka nyumba nzima kwa siku kumi. Mazungumzo yote yalipita kwa barua pepe. Mwenye nyumba, mama wa makamo anayejua kazi yake, alituma ankara yenye nambari ya akaunti yake ya benki, akasubiri arbuni. Wiki mbili zikapita. Alipoamua kumpigia mgeni simu, mgeni alishangaa, kwani alikuwa amekwisha kulipa nusu ya fedha siku tisa nyuma, katika "akaunti mpya" aliyoelekezwa kwa barua iliyotoka kwenye anwani ile ile ya nyumba, yenye nembo ile ile, na hata salamu zile zile ambazo mama yule huzitumia kufungia barua zake.

Nilikwenda kwake alasiri, tukakaa kwenye daka, yaani baraza ya mlangoni, na kufungua barua pepe yake. Sanduku la barua lilikuwa safi, halina dalili yoyote. Tulipoingia kwenye mipangilio, sehemu ya vichujio, yaani maagizo ya kupanga barua zinazoingia, tulikuta mstari mmoja ambao yeye hakuuandika. Uliagiza kwamba kila barua itakayoingia ikiwa na jina la ukoo la mgeni yule, au neno la Kiingereza la malipo, isionekane katika sanduku, ihesabiwe kuwa imekwisha kusomwa, na ipelekwe moja kwa moja kwenye hifadhi. Huko ndiko tulikoyakuta maswali yote ya mgeni, pamoja na majibu ambayo mama hakuyaandika. Mwizi alikuwa amekaa ndani ya barua zake kwa zaidi ya mwezi, akisoma kwa subira, akijifunza namna anavyoandika, akingojea siku ya fedha.

Neno la siri la barua pepe ile lilikuwa jina la nyumba na mwaka ilipofunguliwa. Neno hilo hilo mama alilitumia katika tovuti nyingine nne, na wafanyakazi watatu walilijua, akiwemo mmoja aliyeondoka kitambo. Wageni wale aliwapokea kwa nusu ya bei, akabeba hasara yeye mwenyewe, kwa sababu alisema jina la nyumba yake ndilo lililotumika kuwadanganya.

Wizi wa namna hii si wa Lamu peke yake. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilipokea kwa mwaka 2023 pekee malalamiko ya hasara ya zaidi ya dola bilioni 2.9 kutokana na barua pepe za biashara zilizoingiliwa au kuigizwa. Sisi tuna fedha kidogo zaidi, lakini arbuni ya siku kumi kwa nyumba ya vyumba vinne inaweza kuwa ndiyo faida yote ya mwezi.

Sasa niseme ninachokiamini. Watu wengi wakisikia usalama wa mtandao hufikiria kwanza virusi na programu ya kuviua. Mimi nasema tuanze na barua pepe na laini ya simu, kwa sababu milango mingine yote inafunguliwa kutoka hapo. Tazama ukurasa wowote wa kuingilia, uwe wa benki, wa iTax ya kulipia kodi, wa Facebook, au wa tovuti inayokuletea wageni: chini kuna maneno ya kuuliza kama umesahau neno lako la siri, na ukiyabonyeza, njia ya kuingilia upya inatumwa kwenye barua pepe au kwa ujumbe wa simu. Aliyeshika barua pepe yako na laini yako hana haja ya kujua maneno yako mengine ya siri. Atayabadilisha yote kwa nusu saa, na wewe ndiye utakayebaki nje.

Kwa hiyo, mwenye saa moja tu ya kuutumia uzi huu na aitumie hivi.

Aanze na barua pepe ya biashara. Aipe neno jipya la siri, refu, lisilotumika mahali pengine popote. Urefu una faida kuliko alama za ajabuajabu. Mwaka 2017 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliacha ushauri wake wa zamani wa kuwalazimisha watu kubadilisha neno la siri kila baada ya miezi kadhaa na kuchanganya herufi na alama, kwa sababu watu waliishia kuongeza namba moja mwishoni na kuendelea na neno lile lile. Chukua maneno manne au matano yasiyohusiana, uliyoyaokota wewe mwenyewe, na uyaunganishe. Usichukue methali wala aya inayojulikana, maana hayo yamo pia katika orodha za wezi. Kama una simu nzuri, tumia programu ya kutunzia maneno ya siri. Kama huna, andika katika daftari na ulifungie kabatini. Najua wapo watakaonipinga kuhusu daftari, lakini mwizi wako mara nyingi yuko mji mwingine au nchi nyingine na mkono wake haufiki kabatini kwako, ilhali neno moja lililorudiwa katika tovuti kumi linamfikia popote alipo. Jambo nisilolikubali ni karatasi iliyobandikwa kwenye kaunta ya mapokezi, ambayo nimeiona zaidi ya mara moja.

Kisha awashe uthibitisho wa hatua mbili, yaani baada ya neno la siri mtandao udai kitu cha pili. Ikiwezekana, kitu hicho kiwe msimbo unaotolewa na programu maalumu ndani ya simu, kuliko unaotumwa kwa ujumbe mfupi, kwa sababu ujumbe mfupi unafuata laini, na laini inaweza kuibiwa. Hapo utapewa pia misimbo ya akiba. Ichapishe, uiweke pale unapoweka hati ya nyumba.

La tatu husahauliwa na wengi: baada ya kubadilisha neno la siri, kagua vichujio, kagua kama barua zako zinapelekwa nakala kwenye anwani nyingine, kagua vifaa vilivyoingia, na kagua nambari ya simu na anwani ya kurejeshea akaunti. Kubadilisha neno la siri hakufuti kichujio. Mwizi aliyeweka agizo la kupelekewa nakala ataendelea kuzipokea hata baada ya wewe kubadilisha kufuli.

Baada ya barua pepe, laini. Wizi wa laini hufanyika pale mtu anapojifanya wewe na kuomba kadi mpya yenye nambari yako. Simu yako inapoteza mtandao ghafla, nawe unadhani ni mnara, kumbe nambari imekwisha kuhamia kwenye simu yake, na misimbo ya benki inaingia huko. Mteja wa Safaricom anaweza kupiga *100*100# ili laini yake isibadilishiwe kadi kwa wakala bila yeye kwenda mwenyewe kwenye duka la kampuni. Kampuni hiyo pia imetangaza mara nyingi kwamba huwapigia wateja kwa nambari moja tu, 0722 000 000. Anayekupigia kwa nambari nyingine akidai ni mhudumu wa M-Pesa, mkatie simu bila kumwonea haya. Weka pia namba ya siri kwenye kadi yenyewe ya simu, kwa sababu mwizi aliyekuibia simu gatini anaweza kuitoa kadi, akaitia katika simu nyingine, na kuanza kupokea ujumbe wako. Wala namba ya siri ya M-Pesa isiwe mwaka wako wa kuzaliwa, kwani mwaka huo umeandikwa kwenye kitambulisho chako, na nakala ya kitambulisho hicho umeiacha katika kaunta nyingi kuliko unavyokumbuka.

WhatsApp nayo ina namba yake ya siri ya tarakimu sita, katika sehemu ya akaunti, ambayo wengi hawajaiweka. Iwekeni leo. Yeyote anayekuandikia, hata kwa jina la ndugu yako, akisema amekosea akakutumia msimbo wa tarakimu sita na anauomba, huyo yumo katika kuichukua akaunti yako muda huo huo, na pengine ya ndugu yako amekwisha kuichukua.

Nakaribisha maswali. Nitajibu kadiri ninavyojua.

Mwenye duka la vifaa vya uvuvi (Langoni, Lamu)

Ahsante kwa uzi. Mimi sina barua pepe ya biashara, nina simu moja na nambari ya Lipa na M-Pesa tu. Shida yangu ni vijana wanaokuja wakati wa msongamano, ananunua nyavu na kamba, ananionyesha ujumbe kwamba amelipa, nami nikiangalia jioni fedha hazimo. Mwingine alinitumia fedha za kweli, elfu tatu, kisha akanipigia akilia kwamba amekosea, ni za hospitali, nimrudishie. Nilimrudishia. Kesho yake zile za kwanza nazo ziliondolewa. Je, hili nalo ni usalama wa mtandao au ni utapeli wa kawaida?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, pole. Fedha zako zimo mtandaoni, basi na wizi wake ni wa mtandao, na hili linawahusu watu wengi zaidi kuliko kisa nilichoanza nacho.

Ujumbe ulio katika simu ya mnunuzi si malipo. Ni picha ya maneno, na maneno yoyote yanaweza kuandikwa. Hata ujumbe ulioingia katika simu yako mwenyewe uutazame umetoka wapi: wa kweli huja kwa jina MPESA, wa uongo huja kwa nambari ya kawaida ya simu, ingawa maneno yake yamepangwa vilevile, na salio limeandikwa kwa kukisia. Salio hilo ndilo linalowaumbua, kwa sababu mwizi hajui una kiasi gani. Weka utaratibu kwamba bidhaa haitoki kaunta mpaka ujumbe wa malipo umeingia katika simu ya duka au muamala umeonekana katika programu ya biashara ya M-Pesa, na uuandike ukutani kwa herufi kubwa, ili mteja mwaminifu asidhani unamshuku yeye peke yake. Kijana wako wa dukani naye ataweza kuuonyesha ukuta badala ya kubishana.

Kuhusu anayedai amekosea kutuma, usimrudishie kwa kumtumia upya. Mwelekeze aupeleke ujumbe wake wa muamala kwenye nambari 456, ambayo ndiyo njia rasmi ya kuomba fedha zirejeshwe. Kampuni itazirejesha zile zile. Ukimtumia wewe, naye akaomba 456 pia, umelipa mara mbili, na hicho ndicho kilichokupata. Ujumbe wa kitapeli upeleke 333.

Jambo moja nakuomba ulifikirie. Ulisema una "simu moja". Kama simu hiyo ndiyo inayokaa kaunta, ndiyo anayoshika mpwa wako ukienda kuswali, na ndiyo yenye M-Pesa yako binafsi na WhatsApp ya familia, basi duka lako na nyumba yako vimo katika kifaa kimoja kisicho na mlinzi. Nunua simu ndogo ya bei nafuu kwa ajili ya kaunta, ipokee ujumbe wa malipo tu. Ile yenye fedha zako ikae mfukoni mwako.

Fundi wa kompyuta (Malindi)

Shikamoo mwanzisha uzi. Nakubaliana na mengi, lakini nahisi umezipunja kompyuta. Wateja wangu wengi hapa Malindi wana kompyuta moja ya ofisi ambayo haijasasishwa tangu ilipotolewa kwenye boksi, kwa sababu sasisho linakula vifurushi. Nawakumbusha tarehe 12 Mei 2017, siku programu haribifu ya WannaCry ilipoanza kufunga faili za watu duniani na kudai fidia, hata hospitali za Uingereza zikarudisha wagonjwa. Kinga yake Microsoft, kampuni inayotengeneza Windows, ilikuwa imeitoa tangu tarehe 14 Machi mwaka huo huo. Waliokuwa wamesasisha mashine zao kwa miezi miwili ile walipona. Vilevile msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na bado naiona katika karibu kila duka ninaloingia. Mimi nawawekea programu nzuri ya kuua virusi, na kwa maoni yangu hiyo inawatosha wengi, hata wale ambao programu zao za ofisi ni za kunakili, yaani hazikununuliwa kihalali.

Mwanzisha uzi

Marahaba mwanangu, na ahsante kwa kunisahihisha kuhusu sasisho. Ni kweli sikuligusa, na mfano wako unalieleza kuliko ambavyo ningelieleza mimi. Kwa anayeogopa kumaliza kifurushi, sasisho lipakuliwe usiku mahali penye intaneti isiyohesabiwa, hata kama ni kwa jirani.

Napingana nawe katika jambo la mwisho. Programu za kunakili ndizo njia mojawapo inayotumika sana kuingiza vijiprogramu vinavyokusanya maneno ya siri yaliyohifadhiwa katika kivinjari, na mara nyingi maelezo ya kuziweka huanza kwa kukutaka uizime kwanza programu ya kuua virusi. Mtu anayezima mlinzi kwa mkono wake hana mlinzi. Zipo programu za ofisi za bure na za halali zinazotosha kwa ankara na hesabu za duka, na wewe kama fundi una nafasi nzuri ya kuwazoesha wateja wako.

Nakuomba pia, wewe unayefika kwenye maduka, uwasukume watu kuhusu nakala za akiba. Huku pwani hewa ya chumvi inakula vifaa, umeme unakatika na kurudi kwa kishindo, na diski inaweza kufa bila mwizi yeyote kuhusika. Utaratibu unaofundishwa ni nakala tatu, katika vyombo viwili tofauti, na moja iwe mbali na jengo. Kwa nyumba ndogo ya wageni hiyo inaweza kuwa kompyuta yenyewe, diski ya nje inayochomekwa Ijumaa na kuchomolewa, na nakala mtandaoni. Neno "kuchomolewa" nalisisitiza, kwani virusi vya kudai fidia hufunga pia diski iliyobaki imechomekwa. Na mara moja kwa miezi michache, fungua faili moja kutoka kwenye nakala uone kama inasomeka. Niliwahi kukuta diski iliyopokea nakala kwa mwaka mzima, kumbe kilichokuwa kikinakiliwa ni kabrasha tupu.

Mwenye nyumba ya wageni (Shela)

Mwalimu, nina maswali mawili. Wageni wangu wote wanatumia waifai ile ile inayotumiwa na kompyuta yetu ya mapokezi, na neno lake liko kwenye kadi ndani ya kila chumba. Je, kuna ubaya? La pili, ninazo picha za pasipoti za wageni tangu 2016 ndani ya simu yangu. Nimesikia kuna sheria.

Mwanzisha uzi

Bibi, swali la kwanza linajibiwa na nyumba zetu wenyewe. Waliojenga nyumba za kale za Lamu walimpa mgeni sabule yake, yaani chumba cha wageni, juu, na ngazi inayoanzia karibu na mlango, ili apande na kushuka bila kupita katika vyumba vya wenyewe. Hakuna aliyeona kwamba mgeni ametukanwa. Ruta nyingi za leo, yaani vile vifaa vinavyogawa waifai, zina uwezo huo huo: mnafungua mtandao wa pili wa wageni, wenye jina lake na neno lake, usioweza kuona kompyuta ya mapokezi, printa, wala kamera. Kadi za vyumbani ziwe na neno la mtandao huo wa pili tu, na mlibadilishe kila msimu.

Mkiwa humo kwenye ruta, badilisheni neno lake la usimamizi, lile lililokuja nayo kutoka kiwandani, na la kamera za ulinzi pia. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai ilizunguka intaneti ikijaribu orodha ya majina na maneno ya siri ya kiwandani yapatayo 60, basi, na kwa orodha fupi hiyo ikateka kamera na ruta kwa malaki. Kamera mliyoiweka kulinda mlango isiwe ndiyo dirisha.

Kuhusu pasipoti, ndiyo, kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na kanuni za usajili zilizoanza kutumika tarehe 14 Julai 2022. Kwa kawaida biashara yenye mapato ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 husamehewa usajili, na wengi wetu tulijipumzisha hapo. Lakini kanuni zina orodha ya shughuli ambazo lazima zisajiliwe hata zikiwa ndogo, na biashara za kupokea wageni zimo; waongozaji wa watalii ndio walioachwa nje. Kwa hiyo nyumba yako inahusika. Data ikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, Kamishna wa Kulinda Data anatakiwa kujulishwa ndani ya saa 72 tangu ulipojua.

Bila ya sheria hiyo pia, ningekushauri vivyo hivyo. Picha ya pasipoti ya mtu aliyelala kwako 2016 haikuletei faida yoyote, na ikiibwa itatumika kumkopea fedha au kumfungulia akaunti. Angalia ni kumbukumbu gani unatakiwa kuziweka na kwa muda gani, uzihamishie mahali penye kufuli, na zilizobaki uzifute, pamoja na zile zilizojificha katika mazungumzo ya WhatsApp.

Niongeze tahadhari kwa wote wanaopokea wageni kupitia tovuti. Machi 2025 Microsoft ilieleza hadharani hila inayowalenga watu wa hoteli. Unapata barua inayojifanya imetoka Booking.com, tovuti ya kuwekea nafasi za vyumba, labda ya mgeni anayelalamika, yenye kiungo. Ukikibonyeza unaletewa ukurasa unaokutaka uthibitishe kwamba wewe ni binadamu, kwa kubonyeza vitufe fulani vya kompyuta, kubandika maneno, na kubonyeza kitufe cha kuingiza. Maneno hayo uliyobandika ni amri, na kompyuta inaitii kwa sababu mwenyewe umeiamuru. Hakuna ukurasa wa halali utakaokudai hivyo. Mfanyakazi wako wa mapokezi alijue hili kabla ya msimu kuanza, na ajue pia kwamba hatafokewa akija kusema amebonyeza. Anayeogopa kufokewa atanyamaza siku tatu, na siku tatu hizo ndizo anazozihitaji mwizi.

Katika kila ankara andikeni mstari mmoja: hatubadilishi akaunti ya benki kwa barua pepe, ukipokea ujumbe wa namna hiyo tupigie kwa nambari iliyo kwenye tovuti yetu. Nasi tukiandikiwa na muuzaji kwamba amebadilisha akaunti, tumpigie kwa nambari tuliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyo katika barua mpya.

Mwenye duka la samani na vinyago (Malindi)

Nimesoma uzi wote, nikafungua barua pepe ya duka. Katika orodha ya vifaa vilivyoingia kuna simu ya aina ambayo hakuna mtu kwetu anayo. Imeingia mara ya mwisho leo asubuhi. Mikono inanitetemeka. Nifanye nini kwanza?

Mwanzisha uzi

Tulia dada, bado unaingia, kwa hiyo akaunti bado ni yako. Usifute kitu chochote. Piga picha orodha hiyo ya vifaa kwa simu nyingine, tarehe na saa zionekane, maana polisi na benki watazitaka. Kisha chukua kifaa unachokiamini, si kompyuta ya duka, ubadilishe neno la siri kutoka hapo, uviondoe vifaa vyote kwa mara moja, uwashe hatua ya pili. Baada ya hapo ndipo uende kwenye vichujio na kwenye sehemu ya kupeleka nakala. Wapigie simu, usiwaandikie, wateja wote wanaosubiriwa kulipa wiki hii, kisha benki. Niandikie unachokiona.

Mwenye duka la samani na vinyago (Malindi)

Nimefanya. Nakala hazipelekwi popote. Kichujio kipo kimoja. Neno lililoandikwa ndani yake ni "arbuni".

Mwanzisha uzi

Basi huyo anajua Kiswahili, na anajua wewe huandika arbuni wala si malipo ya awali. Kipige picha kwanza, ndipo ukifute. Usimtaje mtu yeyote hapa na usimtuhumu mtu yeyote dukani usiku huu. Chukua karatasi, uandike majina ya wote waliowahi kupewa neno lile la siri tangu akaunti ilipofunguliwa, walioko na walioondoka, pamoja na fundi aliyewahi kuitengeneza kompyuta. Karatasi hiyo na picha zako uzipeleke kesho asubuhi kwa maafisa wa upelelezi. Wateja wangapi umekwisha kuwapigia?

Mwenye duka la samani na vinyago (Malindi)

Wanne kati ya saba. Wa tano alikuwa benki, kwenye foleni. Amerudi nyumbani.